Uchi Nao Una Adabu Yake: Mhadhara wa Umma



Nimechokozwa. Hivi karibuni, hapa Goma, mwezeshaji mmoja wa semina alitufundisha kwamba asilimia 93 ya mawasiliano hupita nje ya maneno. Na kwa kuwa nguo hudanganya, asiye na nguo ndiye msema kweli. Mfano wake ulikuwa wanaturisti wa Ulaya, wanaoota jua uchi wa mnyama. Hao, alisema, hawana cheo wala unafiki, na miili yao haifichi kitu. Ukumbi ukapiga makofi. Mimi sikupiga.

Tuanze na hiyo 93, maana imetembea sana. Chanzo chake ni mwanasaikolojia Albert Mehrabian na majaribio mawili yaliyochapishwa mwaka 1967. Washiriki walisikilizishwa neno mojamoja kwa sauti mbalimbali. Katika jaribio moja neno lilikuwa lilelile, lenye maana ya "labda", likiambatanishwa na picha za nyuso. Wakaulizwa msemaji anapenda au anachukia. Hapo ndipo zilipotoka asilimia 7 za neno, 38 za sauti na 55 za uso. Hapakuwa na sentensi, wala mabishano, wala bei ya maharagwe. Hapakuwa hata na bega! Mehrabian mwenyewe amesisitiza kuwa hesabu yake inahusu hisia za kupenda na kutopenda tu. Kuipandikiza kwenye kiwiliwili kizima, tena kilichovuliwa nguo, ni kupima unga kwa rula.

Na hao wanaturisti? Mwanasosholojia Martin Weinberg alichunguza kambi za wenzao wa Marekani, akachapisha matokeo mwaka 1965. Alikuta makatazo tele: usikodoe macho, usiguse mwili wa mwenzako, usizungumzie ngono. Watu tunaoambiwa wameacha unafiki walikuwa wamejifunza, kwa bidii kubwa, kuona bila kutazama. Nguo zilipoondoka, kazi yake ilihamia machoni. Huo ndio msimamo wangu wa miaka mingi, na sitaacha kuurudia: adabu ya uchi haikai kwenye ngozi ya aliyevua, inakaa kwa anayetazama.

Nililijua hilo kabla sijajua kusoma. Kwetu Mpofi, anayeshuka mtoni alikohoa kabla ya kufika penye kona, anayeoga akajibu, mpita njia akageuzia uso msituni. Siku moja nilichelewa kugeuka, bibi akanizaba kofi. Hakuna maelezo yaliyofuata, na hayakuhitajika.

Mtanikumbusha wachunguzi wa lugha ya mwili: Mauss, Birdwhistell na Hall. Mnawafahamu, nawapita. Nataka kukaa na msimulizi Candi Rureke.

Mwaka 1956, katika nchi ya Wanyanga, Rureke alimpa mwanaanthropolojia Daniel Biebuyck utendi wa Mwindo kwa muda wa siku 12. Alisimulia, akaimba, akacheza, akaigiza, mkononi manyanga ya kibuyu na usinga wa conga, vijana wakigonga mti kushika mdundo, watazamaji wakiitikia na kumtuza. Mwili mmoja ukawa Mwindo, mtoto aliyezaliwa akitembea. Ukawa Shemwindo, baba anayemkimbia mwanawe. Ukawa shangazi Iyangura. Mwaka 1969 Biebuyck na Kahombo Mateene walitoa kitabu. Maneno yamo, kiuno cha Rureke hakimo. Kwa hesabu ya mwezeshaji wetu, basi, tumebakiwa na asilimia 7 ya Mwindo. Upuuzi! Nani amesoma hiyo asilimia 7 asicheke, asishike roho? Kuna kilichopotea, nakubali, na kinaniuma. Lakini mwili wa Rureke ulieleweka kwa sababu waliomzunguka walijua conga ni nini na wimbo unaitikiwa wapi.

Mtauliza: mbona kuna uchi unaopiga kelele kuliko neno lolote? Upo. Nairobi, tarehe 16 Machi 1922, Mary Muthoni Nyanjiru alipandisha gauni lake mbele ya wanaume waliokuwa wakisita nje ya kituo alikozuiliwa mpinga ukoloni Harry Thuku, akidai wampe suruali zao. Akauawa kwa risasi. Tarehe 3 Machi 1992, katika Uhuru Park, polisi walipowavamia mama wa wafungwa wa kisiasa waliokuwa pamoja na mwanaharakati Wangari Maathai, baadhi ya mama hao walivua nguo. Mnaturisti akivua anasema: msinitazame. Mama wa Uhuru Park anasema: nitazame, mwanangu, upate laana. Ngozi ni ileile, ujumbe umepinduka. Kama uchi ungekuwa ukweli mtupu, ungesema jambo moja kila mahali.

Nasi wa Kivu tusijifanye hatujui uchi wa namna nyingine. Wenye silaha wamewavua watu nguo kwa nguvu katika vijiji vyetu. Hapo anayesema ni aliyevua, si aliyevuliwa. Nadharia isiyoweza kutenganisha hao wawili haifai kufundishwa katika jimbo hili.

Wanafunzi wangu, simu zenu zina kamera. Mkienda kwa wasimulizi wa Wanyanga, Wahunde na Watembo, ombeni ruhusa kwanza. Kisha msimwelekezee kamera msimulizi peke yake. Wageuzieni pia wanaomtazama.