*HOTUBA YA SEKRETARIETI YA TAWI: KAYA ZINAZOHAMA BONDE LA MSIMBAZI ZIPATE NYUMBA NA RIZIKI*

Ndugu Mwenyekiti, wajumbe wa Halmashauri ya Tawi, mabalozi wa mashina, ndugu wanachama,

Kwa ambao hawakufika mkutanoni, tunaituma hotuba hii kama ilivyosomwa.

Kwamba watu wasiishi bondeni, hatuna ubishi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 katika Dar es Salaam, na kila masika tunahesabu magodoro yaliyolowa. Tunachouliza ni hiki: mtu akitoka bondeni, anakwenda kuishi wapi na atakula nini?

Majibu mawili tumeyaona katika jiji hili hili.

*La kwanza ni Mabwepande.* Mwanzoni mwa 2012 waathirika wa mafuriko walipewa viwanja huko, takriban kilomita 30 kutoka katikati ya jiji, wakaanzia kwenye mahema. Kiwanja kilikuwa halali, lakini riziki ilibaki Kariakoo. Tupige hesabu ya mfano. Mama lishe akitumia nauli ya Sh2,000 kwenda na kurudi, kwa siku 26 ni Sh52,000 kwa mwezi, kabla hajanunua unga. Wapo waliorudi Jangwani. Msiwaite wakaidi. Walifuata sufuria ilipochemka.

*La pili ni Magomeni Kota.* Kaya 644 ziliondolewa, zikasubiri takriban miaka kumi, na Machi 2022 maghorofa yakazinduliwa palepale. Kusubiri kulikuwa kurefu na kuchungu. Lakini orodha ya kaya ilikuwapo, ikajulikana, ikadaiwa. Na waliorejea walirejea karibu na soko, shule na vibarua vyao.

Ndugu wanachama, tofauti kubwa tunayoiona ni mbili: umbali na daftari.

Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Mto Msimbazi umeshalipa fidia kaya nyingi, na hilo ni jambo jema. Lakini fidia ya nyumba humfuata mwenye nyumba. Mpangaji wa chumba kimoja, aliyekaa miaka 12 na kuchoma mahindi barazani, hana ukuta wa kufanyiwa tathmini. Asipoandikwa popote, siku ya kuhama atakuwa kama hakuwahi kuwepo.

Kuna jambo lingine linalosahaulika. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kwa kawaida mkopo huo hupewa kikundi. Kaya zikitawanyika pande nne za jiji, kikundi kinavunjika, biashara inakufa, na deni linabaki hai.

Kwa hiyo Sekretarieti inaomba mambo matatu:

1. Kila balozi alete daftari la shina lake kufikia Jumamosi ijayo. Tuandike mwenye nyumba *na mpangaji*, kazi ya kila mtu mzima, na mahali anapoifanyia. Tusiulize mtu kadi ya chama. Maji hayakuuliza.

2. Vikundi vyenye mikopo vije ofisini na vitabu vyao. Tutawasaidia kufunga hesabu na kuandika barua ya kuomba uhamisho wa kikundi kabla wanachama hawajatawanyika.

3. Wajumbe watano wapeleke nakala ya daftari kwa Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa na kwa Diwani, wapate mhuri wa kupokelewa. Ombi letu liwe moja: makazi ya kudumu yaliyo karibu na riziki, na wapangaji wahesabiwe.

Hatuahidi nyumba, maana tawi halijengi maghorofa. Tunachoahidi ni kwamba hakuna kaya ya eneo letu itakayoondoka bila jina lake kuwa kwenye karatasi yenye mhuri. Magomeni walisubiri na orodha mkononi. Sisi tusisubiri mikono mitupu.



_Imetolewa na Ofisi ya Katibu wa Tawi. Tafadhali mfikishie na asiye na simu._