Mtoto Akiangukia Kidevu, Taya Nalo Lichunguzwe

Mtoto aangukapo kutoka juu ya mwembe akapasuka kidevu, jeraha hushonwa na safari ya zahanati huishia hapo. Lakini kishindo hicho hupanda hadi kwenye kiungo cha taya, mbele ya sikio, na huweza kukivunja pasipo alama usoni. Kisipotibiwa mapema, huweza kushikamana na fuvu. Kinywa kikashindwa kufunguka, kidevu kikadumaa. Hapo kutafuna, kupiga mswaki, hata kung'olewa jino huwa mateso.

Mtoto na apanue kinywa: vidole vyake mwenyewe vitatu, kimoja juu ya kingine, kwa kawaida huingia. Visipoingia, au taya likienda upande, apelekwe kwa daktari wa kinywa na meno katika hospitali ya wilaya, hata kama kidonda kimekwisha kupona.