Falme saba, riziki saba: ijue nchi kabla ya kusaini

(Maandishi ya mazungumzo na familia zilizofika karibuni, Al Garhoud, Dubai)



Swali linaloulizwa kila tunapokutana ni hili: kazi ziko wapi, na tukae wapi? Kabla ya kulijibu, tuitazame nchi yenyewe. Wengi tulipoaga nyumbani tulisema tunakwenda Dubai, hata kama mkataba uliandikwa Sharjah au Fujairah. Lakini hii ni nchi ya falme saba. Sita ziliungana tarehe 2 Desemba 1971, na Ras Al Khaimah ikajiunga Februari 1972. Pesa ni moja na jeshi ni moja. Riziki ya kila ufalme, hata hivyo, inatoka mahali pake, na hapo ndipo penye kuamua kazi gani zipo na nyumba ni kiasi gani.

Abu Dhabi ndiyo kubwa kuliko zote. Ina zaidi ya asilimia 80 ya ardhi ya nchi na karibu mafuta yote. Ilianza kuuza mafuta nje mwaka 1962. Kazi zake nyingi zinafuata mafuta, serikali, ujenzi na viwanda vikubwa.

Dubai ilipata mafuta mwaka 1966, lakini hayakuwa mengi. Kwa hiyo ilijenga milango ya biashara: Bandari ya Rashid mwaka 1972, Jebel Ali mwaka 1979, kisha eneo huru la biashara la Jebel Ali mwaka 1985. Mwaka huohuo shirika la ndege la Emirates lilianza na ndege mbili za kukodi kutoka Pakistan. Dubai inakula kwa mizigo, wageni na majengo. Mizigo na wageni wakipungua, inaumia upesi. Novemba 2009 kampuni ya serikali ya Dubai World iliomba wadai wake wasubiri, na mwezi uliofuata Abu Dhabi ikatoa dola bilioni 10 kusaidia. Miradi mingi ya ujenzi ilisimama, na vibarua wengi wakarudi makwao.

Sasa tuje hapa hapa Al Garhoud. Tuko ubavuni mwa uwanja wa ndege. Makao makuu ya Emirates yako hapa, na pembeni yake kuna hoteli, kampuni za mizigo, migahawa na dobi. Karibu wote wanategemea ndege. Machi 2020 safari za abiria ziliposimamishwa, hawakuumia marubani peke yao. Mpishi, dereva wa teksi na msafisha vyumba waliumia pia. Biashara imerudi kwa nguvu: mwaka 2024 uwanja huu ulipitisha abiria milioni 92.3. Lakini Aprili 2024 serikali ya Dubai ilitangaza kwamba katika miaka kumi hivi shughuli za uwanja zitahamia uwanja wa Al Maktoum, kusini, upande wa Jebel Ali. Hilo si jambo la kesho, msiogope. Ila mwenye kutaka kufungua saluni au mgahawa hapa, au kuchagua shule ya mtoto wa darasa la kwanza, alitie hesabuni leo.

Jirani yetu Sharjah ina viwanda vingi vidogo na vya kati, na nyumba zake kwa kawaida ni nafuu. Ndiyo maana maelfu wanalala Sharjah na kufanya kazi Dubai. Kabla ya kuhamia huko, hesabu pia mafuta ya gari, ada ya Salik barabarani, na saa ambazo watoto watakuwa hawakuoni. Nafuu ya nyumba inaweza kuishia barabarani. Ajman, ufalme mdogo kuliko yote, na Umm Al Quwain, wenye watu wachache zaidi, zina maduka, karakana na maeneo huru yenye leseni za bei ya chini.

Ras Al Khaimah ina milima, na milima imeipa mawe, saruji na vigae. Ina pia kiwanda cha dawa cha Julphar, kilichoanzishwa mwaka 1980, na sasa inajenga hoteli kubwa za kitalii. Fujairah iko upande wa pili, kwenye Ghuba ya Oman, nje ya mlango wa Hormuz. Kwa sababu hiyo bomba la mafuta kutoka Abu Dhabi lilifikishwa huko mwaka 2012, na meli nyingi hutia mafuta bandarini pake.

Ndugu zangu, tufanye nini na habari hizi?

Kwanza, ukipewa kazi, usiulize mshahara tu. Uliza kampuni inapata pesa kwa nani. Hoteli inawategemea wageni, na kiwanda cha vigae kinawategemea wajenzi.

Pili, nyumba yenye watu wawili wa kazi, wasitegemee mlango mmoja. Mama akiwa hotelini karibu na uwanja, kijana ajifunze ufundi wa umeme au mambo ya bohari. Kiswahili nacho ni mtaji. Deira inapokea wafanyabiashara wa Afrika Mashariki wanaosafirisha bidhaa kwenda Mombasa na Dar es Salaam, na wanapenda kuhudumiwa na mtu anayewaelewa.

Tatu, karatasi. Kila ufalme una ofisi yake ya leseni, na maeneo huru yana zao. Leseni ya Ajman haikuruhusu kufungua duka Dubai. Kupika au kusuka nyumbani kwa malipo bila leseni kunaweza kukuletea faini. Mwajiri haruhusiwi kushika pasipoti yako wala kukudai gharama za kukuajiri. Na jiungeni na bima ya kupoteza kazi iliyoanza Januari 2023: dirhamu 5 kwa mwezi kwa mwenye mshahara wa msingi usiozidi 16,000. Ukichangia miezi 12 mfululizo, kisha ukapoteza kazi bila kujiuzulu wala kufukuzwa kwa utovu wa nidhamu, unaweza kulipwa asilimia 60 ya mshahara wa msingi hadi miezi mitatu. Wafanyakazi wa nyumbani hawamo katika bima hiyo, kwa hiyo akiba yao iwe kubwa zaidi. Haba na haba hujaza kibaba.

Mwenye mkataba ambao hajausaini, aje nao mkutano ujao tuusome pamoja, mstari kwa mstari.