Kumkabidhi Mgonjwa kwa Kiswahili: Njeo, Saa na Tasfida baina ya Handeni na Korogwe

Wataalamu wa isimu wameichunguza sana lugha ya ushairi, ya mahakama na ya siasa. Lugha ya mlangoni pa hospitali haijapewa uzito huo. Nako ndiko uhai wa mtu unakoweza kutegemea kiambishi kimoja.

Tangu mwaka 2022, mfumo wa m-mama ulipoanza kuenezwa nchini kote, mjamzito au mzazi aliyepatwa na dharura huombewa usafiri kwa kupiga 115 bila malipo. Pasipo gari la wagonjwa, huchukuliwa na dereva wa jamii. Tangu kijijini Handeni hadi hospitali ya mjini, au Magunga kule Korogwe, na pengine hadi Bombo, Tanga, habari zake hupita katika vinywa kadhaa. Barua ya rufaa huandikwa kwa Kiingereza, makabidhiano ya mdomo hufanywa kwa Kiswahili, na msindikizaji huenda anafikiri kwa Kizigua au Kisambaa.

Chukua tamko “ametokwa na damu”. Kiambishi -me- kina nyuso mbili: “amevimba miguu” maana yake uvimbe upo sasa hivi, ilhali “amekula” maana yake tendo limekwisha. Je, damu imekata au ingali inatoka? Mkunga aliyemtoa mgonjwa anajua. Anayempokea hajui, na sarufi haimsaidii. “Anatokwa” ingetosha, au “alitokwa, sasa imekata”.

La hatari zaidi ni saa. “Saa nane” ya mchana ikinakiliwa 8:00 badala ya 14:00, saa 6 zimezuliwa. Mgonjwa wa kifafa cha mimba aliyeanzishiwa magneziamu salfeti kituoni, akiendelea kudungwa msulini, hurudiwa dozi kila baada ya saa 4. Hapo kosa hilo si la mwandiko tena. Jina la ugonjwa nalo halikubali kufupishwa, kwani “kifafa” bila “cha mimba” ni maradhi mengine yenye tiba nyingine. Fomu ya Kiswahili inayodai neno asubuhi, mchana au usiku kando ya kila saa ingewafaa wahudumu kuliko istilahi mpya mia.

Kisha kuna tasfida. Mbele ya dereva mwanamume, mama mkwe husema mkewe mwana “ameharibikiwa”, kitenzi kile kile cha dereva gari lake linapogoma njiani. Hiyo ni adabu, wala haistahili lawama. Muuguzi mzoefu humvuta mama huyo kando, akamwamkia, kisha akamuuliza kwa sauti ya chini: mimba ilikuwa ya miezi mingapi, na damu ilianza lini?