Kisahani Chini ya Ua

Mshubiri hupamba nyumba bila kukusumbua: huhitaji mwanga wa dirishani, na maji kidogo tu udongo ukishakauka. Lakini je, umechungulia kisahani kilicho chini ya chungu? Maji yakituama humo, mbu aina ya Aedes hutaga mayai. Mbu huyu huuma mchana na hueneza homa ya dengi, iliyozuka Mombasa mwaka 2013. Penye joto, yai huwa mbu kamili kwa siku 7 hadi 10. Kwa hivyo, kila wiki mwaga maji hayo na usugue kisahani kwa brashi, kwani mayai hunata kandoni. Mtu akishikwa na homa kali, usimpe aspirini. Mpeleke hospitalini mapema.