Chuma Kinapozidi Mwilini



Tumezoea kusikia habari za upungufu wa damu. Mtu akilalamika uchovu, jirani humshauri anywe vidonge vya kuongeza damu, naye huvinunua dukani pasipo kupimwa. Leo napenda kuzungumzia watu ambao vidonge hivyo huwadhuru, kwa kuwa miili yao imekwisha kujaa chuma.

Maradhi yao huitwa hemokromatosisi, nayo ni ya kurithi. Nchi inayojulikana mno kwa maradhi haya ni Ireland. Huko takriban mtu 1 katika kila 83 amerithi kasoro ya jeni iitwayo HFE kwa baba na kwa mama pia. Wapatao 1 katika kila 5 wameirithi kwa mzazi mmoja tu, na hao kwa kawaida hawaugui. Hata waliorithi pande zote mbili si wote waugua. Jeni hiyo ilitambuliwa mwaka 1996. Kwetu Waafrika kasoro hiyo ni nadra, lakini mlundikano wa chuma tunao: watoto wenye selimundu wanaoongezewa damu mara kwa mara hukusanya chuma katika ini vilevile, na wao hutibiwa kwa dawa za kukiondoa.

Mwili wa mwanadamu hauna njia ya kutoa chuma kilichozidi. Ulinzi wake wote uko mlangoni, yaani katika utumbo. Ini hutengeneza homoni iitwayo hepsidini, ambayo huuamuru utumbo upunguze kupokea. Kwa mwenye maradhi haya amri hiyo ni dhaifu, basi mlango hubaki wazi usiku na mchana kwa miaka mingi. Mtu mzima mwenye afya ana gramu 3 hadi 4 za chuma mwilini. Mgonjwa aliyezidiwa huweza kupita gramu 20. Ghala ya kwanza ni ini. Chuma hujeruhi chembe zake, makovu huota, ini huwa gumu, na hatimaye saratani huweza kutokea. Nalo ini halilalamiki mapema. Wanawake huchelewa kuugua, maana hupoteza chuma katika hedhi na uzazi.

Dalili nyingine ni uchovu, maumivu ya viungo, hasa vifundo vya kidole cha shahada na cha kati, kisukari, ngozi kuwa nyeusi zaidi, na kupungua nguvu za kiume. Hili la mwisho wanaume hulificha, na kwa kulificha hukosa kupimwa mapema.

Tiba ni kutolewa damu, kiasi cha nusu lita kila mara, ambayo huondoka na miligramu 200 hadi 250 za chuma. Mwanzoni hufanywa kila wiki, kisha mara chache kwa mwaka. Najua atakuwapo wa kuuliza kuhusu kuumikwa. Chuku hutoa damu kidogo mno kwa kazi hii. Haliwezi kushika nafasi ya hospitali. Aliyetibiwa kabla ini halijapata makovu hutarajiwa kuishi umri kama wa watu wengine. Aliyechelewa hufaidika pia, ila hatari ya saratani humbakia, na ini lake hupaswa kuchunguzwa kila baada ya miezi 6.

Sasa nifikie jambo lililonifanya nisimame hapa. Mgonjwa anapogunduliwa, kila ndugu yake wa baba na mama mmoja ana uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuwa amerithi kama yeye. Pengine ndugu huyo ana miaka 30, anajiona mzima, na ini lake lingali salama. Kipimo cha damu cha kujua kiasi cha chuma, pamoja na kile cha jeni, kingemwokoa. Lakini yule aliyegunduliwa huona haya, au huogopa kwamba binti za ukoo watakosa wachumba, akanyamaza. Miaka 20 baadaye wanakutana wodini, mmoja amekuja kutolewa damu na mwingine tumbo limejaa maji.

Maneno ya kumwambia ndugu ni machache: nimeonekana na chuma kingi, maradhi ni ya kurithi, nenda ukapimwe, na hiki hapa cheti changu umwonyeshe tabibu wako.