Mwenye jengo yuko wapi?

Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la biashara la ghorofa nne liliporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, watu wakiwa ndani. Likitokea jambo kama hilo, haraka tunauliza fundi alikuwa nani. Mimi nauliza kwanza: nani huunganisha kazi zote kwa niaba ya mwenye jengo? Mhandisi hukokotoa uwezo wa nguzo, mkadiriaji majenzi hupanga gharama. Asipokuwepo wa kuwakutanisha, fundi bomba hutoboa bimu bila mhandisi kujua. Na mpangaji anayeuza vitenge chini yake hana namna ya kulijua hilo, masikini.

Mwenye jengo, kabla hujagusa msingi, teua msimamizi wa mradi, hakiki usajili wa wataalamu wako kwenye bodi zao, na wahamishe wapangaji kwanza.